Salamu Aliyoniachia Kogo

Harufu ya masizi ya kibuyu hunifunga mdomo mpaka leo. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka hapa Nakuru, na mama mmoja mbele yangu akafungua chupa ya mursik kuhakikisha kwamba haijaharibika kabla hajailipia. Ile harufu ya maziwa makali yaliyolala na mkaa ikanifikia, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimekaza midomo kama mtoto anayekataa dawa. Msichana wa dukani aliponiuliza kama ningetaka mfuko, nilimjibu kwa kichwa. Watu wa rika langu waliokulia katika mji huu hawatanicheka. Najua kila mmoja wao ana kitu chake kinachomkamata hivyo, kiwe ni mlio wa lori likipunguza mwendo au filimbi mtaani. Changu ni masizi.

Tulikaa kwenye ploti ya mabati upande wa chini wa mji, nyumba zikitazamana, bomba moja katikati na kamba za nguo zikipita juu yake. Ukisimama mlangoni kwetu asubuhi uliuona mlima Menengai vizuri, kabla vumbi halijaamka. Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe kule Kariandusi na alikuja nyumbani Jumamosi akiwa mweupe mpaka kope. Kwa muda mrefu niliamini kwamba wanaume huzeeka katikati ya wiki na kurudia ujana wao Jumapili wakishaoga. Mama aliuza mboga sokoni. Aliondoka nikiwa bado nimelala, kwa hiyo mtu wa kwanza kuniona kila siku hakuwa mama yangu. Alikuwa Kogo.

Kogo si jina la mtu. Ni nyanya, kwa lugha yao ya Kikalenjin, lakini mimi nilidhani ndivyo alivyobatizwa. Alikuwa mama yake Baba Chebet, jirani yetu wa mlango wa pili. Alikuja kutoka upande wa Bomet kutibiwa mguu katika hospitali kubwa, mguu ukakataa kupona haraka, na yeye akazoea mji. Chebet mwenyewe alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo Kogo hakuwa na mjukuu wa kusumbua. Akanichukua mimi.

Asubuhi nilitoka nikifikicha macho na kumkuta ameketi kwenye kigoda chake, mguu mbovu ameunyoosha juani. Hakuniuliza kama nimelala vizuri. Alisema, "Takwenya," halafu akanyamaza. Mimi nilipaswa kusema, "Igo." Ndiyo salamu ya wanawake wa kwao, na kwake salamu haikuwa mchezo. Nisipoitika, au nikiitika kwa kunung'unika, hakurudia wala hakunigombeza. Aliugeuzia mlima uso na kusubiri, na kikombe changu cha uji kilikaa pembeni kikipoa mpaka nimtolee lile neno likiwa zima. Mama alinieleza baadaye kwamba kwa Kogo, kuiacha salamu ikining'inia ni kumwambia aliyekusalimia kwamba hayupo. Mimi nilijua tu kwamba uji ulikuwa nyuma ya lile neno.

Kazi yake kubwa pale plotini ilikuwa vibuyu. Alichoma kijiti cha mti fulani ambao mwanawe alimletea kutoka nyumbani, akakiingiza kibuyuni kikiwa bado kina moto, kisha akasugua ndani polepole mpaka ukuta wote ukashika masizi. Ndipo akatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akafunga, akakiweka kibuyu pembeni kilale siku zake. Harufu ile iliingia kwenye nguo zetu zilizoanikwa kambani na kwenye nywele zangu. Shuleni waliniita mtoto wa jikoni.

Maziwa yenyewe yalitoka kwa Shosho, mama yake mama yangu. Shosho alikaa Dundori, na alipopata lifti ya gari la viazi alishuka nayo akiwa na gunia lake dogo na mtungi wa maziwa, akanung'unika juu ya joto la Nakuru tangu getini mpaka mlangoni. Mara ya kwanza kuonyeshwa mursik alisema kwamba hayo ni maziwa ya mtu ambaye sufuria yake imeungua na anaona haya kusema. Kogo akammiminia kikombe. Shosho akaonja, akanyoosha kikombe na kusema, "Lete."

Hivyo ndivyo walivyoongea. Kiswahili cha Shosho alikiokota akiwa msichana kwenye shamba la mzungu, kwa hiyo alijua kuamrisha tu: lete, weka, haraka, kaa hapa. Kiswahili cha Kogo alikiokota hospitalini, kwa hiyo alijua kuuliza: inauma wapi, umekula, umelala. Ukipita karibu nao ungedhani ni bwana shamba na daktari wamekosana. Lakini walikaa mchana kutwa wakipukuchua maharagwe, mmoja akiamrisha na mwingine akiuliza, na sikuwahi kuona mmoja wao akishindwa kuelewa.

Sasa, jambo la masikio. Wote wawili walitogwa wakiwa wasichana, na tundu likapanuliwa mpaka nyama ile ya chini ikawa kitanzi kirefu. Kogo aliacha vitanzi vyake vikining'inia. Shosho alivikunja na kuvipandisha juu ya sikio, ili visinaswe na kamba ya mzigo anapobeba kuni kwa paji la uso. Hakuna mtu mwingine plotini, wala mtaani, wala kanisani kwetu, aliyekuwa na masikio ya namna hiyo. Mimi nilikuwa nimeshaona kwamba pua hupita katika familia, na mwanya pia. Nikaamua kwamba Kogo na Shosho ni dada. Nilipomweleza mama alicheka mpaka akakaa chini, kesho yake akalipeleka neno hilo sokoni nako wakacheka, lakini hakunisahihisha. Na mwalimu alipotuuliza darasani kila mtu ni wa kabila gani, nikasema mimi ni Mkikuyu wa Dundori na nyanya yangu mwingine ni Mkikuyu wa Bomet. Mwalimu aliniangalia kidogo, akaniambia nikae.

Halafu ikaja kura. Sitaeleza ni ipi, kwa sababu aliyekulia hapa anajua, na asiyejua haitamsaidia. Mabango yalibandikwa ukutani, yakabanduliwa, yakabandikwa mengine. Kura zikapigwa, zikahesabiwa, na redio ya plotini, ambayo siku zote ilipiga kelele, ikaanza kusikilizwa kwa sauti ya chini mlango ukiwa umefungwa. Mjomba wangu akafika kutoka juu huko kupita Molo, na godoro kichwani na mkewe nyuma, nyumba yao imechomwa na watu waliowajua kwa majina, watu wa lugha ya Kogo. Vijana wa mtaa wetu waliposikia habari zake wakaanza kukaa kwenye kibanda cha mkabala na geti letu. Waliuliza ni nani anakaa wapi. Upande ule mwingine wa mji vijana wengine walikuwa wakiuliza swali lilo hilo kwa lugha nyingine, na watu wetu kule walikuwa wamejifungia kama akina Kogo walivyojifungia kwetu. Baba alikwama Kariandusi. Mimi niliona tu kwamba watu wazima wote wameanza kuongea wakiangalia mlango.

Mama akanikalisha kitandani akaniambia nisiongee maneno ya Kogo nje. Nikamuuliza maneno gani. Akasema, yale. Nikamuuliza kama hata salamu. Akasema hasa salamu.

Shosho naye alikuwa amekwama kwetu, hakuna gari la kurudi Dundori. Alasiri moja yeye na Kogo walikuwa mlangoni na ungo wa maharagwe katikati yao, Baba Chebet ametoka kutafuta usafiri, mkewe amejificha ndani. Wale vijana wakaingia. Niliwajua. Mmoja alitutengenezea baiskeli, mwingine alinunua sukuma kwa mama kwa mkopo. Wakamwamkia Shosho kwa Kikuyu, kwa heshima kabisa, kisha aliyetangulia akamuuliza yule mama mwingine ni nani.

Shosho hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ni dada yangu," akasema.

Moyo wangu ulijaa. Nilitaka kuwaambia kwamba mimi nilijua zamani.

Kijana yule akamgeukia Kogo, akamsalimia kwa Kikuyu. Kogo hakuitika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiiacha salamu ya mtu ikining'inia. Aliendelea kupukuchua, lakini nikaona anatupa maharagwe na kuweka maganda kwenye ungo.

"Huyo hasikii," Shosho akasema. "Hayo masikio ni ya urembo tu."

Mmoja wao akacheka. Aliyetangulia hakucheka. Aliangalia masikio ya Shosho, akaangalia ya Kogo, akarudia ya Shosho. Nadhani alitaka sana kutuamini, maana alikuwa mtoto wa mtu, na kwao pia kulikuwa na nyanya. Mwishowe akasema, "Sawa, shosho. Lakini tutarudi tuongee na mwenye nyumba." Wakatoka, na mmoja akaufunga mlango wa geti nyuma yake taratibu.

Jioni mama aliporudi nilimkimbilia nikamwambia kwamba Shosho mwenyewe amekubali, ni dada yake, ameambia watu. Mama hakucheka safari hii. Akamwangalia Shosho, Shosho akaangalia ukuta.

Baba Chebet akarudi na habari kwamba amepata lori la kuwatoa asubuhi. Basi mimi sikuelewa kitu. Kama wale vijana wameambiwa ni dada, na wameona masikio kwa macho yao, kwa nini aondoke? Nilimwuliza kila mtu. Shosho ndiye peke yake aliyekuwa upande wangu. Alienda mlango wa pili akamkuta Kogo akifunga nguo kwenye leso, akamwambia, "Kaa hapa. Weka chini." Kogo aliendelea kufunga. "Weka chini," Shosho akarudia, na sauti yake ya kuamrisha ikakatika katikati. Kogo akaacha lile fundo, akamwekea mkono kifuani na kumuuliza kwa kile Kiswahili chake cha hospitali, "Inauma wapi?"

Shosho alichukua kigoda akakaa karibu naye, wakamaliza kufunga pamoja.

Asubuhi lori lilisimama nje ya geti, injini ikinguruma, dereva hataki kuzima. Vijana walikuwa kwenye kibanda, hawakuzuia, waliangalia tu. Vyombo vikapakiwa, kisha Kogo akainuliwa na mwanawe akakalishwa juu ya godoro, mguu mbovu umenyooshwa. Kabla hajainuliwa alimkabidhi mama kibuyu alichokuwa amekitayarisha jana yake. Maziwa yalikuwa hayajaiva, na njiani yangemwagika. Kilikuwa bado kinatoa masizi shingoni, na mama alikishika kwa mikono miwili kwanza, halafu akakihamishia mkono mmoja ili anishike mimi.

Kogo alikuwa juu, akaniona. Sijui kama alisahau, au aliona kwamba hakuna tena cha kuficha. Alisema, kwa sauti ile ile ya kila asubuhi, "Takwenya."

Vichwa vya kibandani vikageuka.

Nilifungua mdomo. Mkono wa mama ulikuwa umeshafika. Ulinifunika kuanzia puani mpaka kidevuni, umejaa masizi na maziwa, ukanibana kichwa kwenye tumbo lake. Nilivuta pumzi nikavuta ile harufu. Nilijaribu kusema, nikajaribu tena, nikapiga miguu chini. Kogo hakurudia. Aliugeuzia mlima uso na kusubiri, vile alivyosubiri siku zote uji ukiwa pembeni, na mimi nikiwa na neno lake zima mdomoni sina pa kulipitisha. Lori likaondoka. Alikuwa bado ameangalia Menengai walipokata kona.

Hakuna aliyekifungua kile kibuyu. Barabara zilipofunguka Shosho alikichukua akapanda nacho Dundori, akakitundika jikoni kwake juu ya moto, na mtu akinyoosha mkono alisikia, "Wacha. Ni cha dada yangu." Alisema hivyo mpaka alipokufa, na wajukuu waliozaliwa baadaye wakadhani kweli tuna ukoo Bomet. Mlango wa pili ukaingia watu wengine. Namba ya Baba Chebet haikupatikana. Nilikua, nikasoma, mji ukaitwa jiji, ploti yetu ikabomolewa ikajengwa ghorofa.

Nilikutana na Chebet nikiwa mtu mzima, kwenye foleni ya kliniki, kila mmoja na mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyenitambua. Alinieleza kwamba Kogo hakumaliza mwaka baada ya kuondoka, ule mguu ulimpanda. Nikamuuliza kama alitutaja. Chebet akacheka kidogo, bila ubaya.

"Alikuwa anakutaja wewe," akasema. "Alisema kale katoto ka ploti alikafundisha vizuri, lakini siku ya mwisho hakakuitika."

Nilitoka pale bila kumwona daktari, nikaenda moja kwa moja kwa mama. Nilimwambia aliyosema Chebet. Nilimwambia kwa hasira ambayo sikujua nilikuwa nimeitunza miaka yote hiyo. Alinisikiliza huku akimenya viazi.

"Ungetaka nifanye nini?" akaniuliza. Haikuwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli, na alinipa nafasi ya kujibu. Kisha akaweka kisu chini, akaangalia kiganja chake. "Na uliitika," akasema. "Mimi nilisikia."

Niliona ni maneno ya mama ya kumtuliza mtoto. Sikuyajali. Kama niliitika na aliyesikia ni mama, ilimsaidia nini Kogo?

Leo nakaa kwenye ghorofa, upande wa pili wa mji, na binti yangu anakaribia umri niliokuwa nao wakati ule. Mkabala na mlango wetu anakaa bibi mmoja Mjaluo tunayemwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, anayelea wajukuu wake na wangu pia ninapochelewa kazini. Amemfundisha binti yangu salamu ya asubuhi, na binti yangu huitoa kwa madaha, akivuta maneno kama mtu mzima. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo. Niliwasimulia wenzangu kazini.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunashuka kwenda kanisani. Mabango yamerudi ukutani, kama mnavyojua. Chini getini walikuwa wamesimama vijana wenye kofia za chama, wakimuuliza mlinzi ni nani anakaa wapi, na pengine walikuwa wanagawa karatasi tu, pengine hawakuwa na neno. Dani alikuwa nyuma yetu kwenye ngazi, na kapu lake mkononi.

"Oyaore," akamwita binti yangu.

Vijana wakageuka.

Sikuamua lolote. Niliangalia chini na kuona mkono wangu uko mdomoni pa mtoto, kuanzia puani mpaka kidevuni, na kichwa chake kimebanwa tumboni mwangu. Macho yake yalinitazama juu ya vidole vyangu, hayakuwa na hasira bado. Halafu akaitika. Nililisikia jibu lake likigonga kiganja changu, lote, refu, lina moto na mate, hakuacha hata kipande. Mama alikuwa amesema kweli.

Nyuma yetu Dani alikuwa amesimama pale pale kwenye ngazi, akisubiri.